Mazoon Hakai Upande wa Buluu

Duka la vitambaa la mtaa wa Hamriya lilikuwa limejaa watu mpaka mlangoni. Mazoon anavuta jora la manjano, mtu mwengine anavuta la buluu, yote yakaporomoka. Kuinua macho, kumbe Muatasim, kanzu imenyooka kwa pasi, udi unanukia duka zima.

"Buluu?" akauliza Mazoon. "Kumbe kweli!"

Tangu jana watu walikuwa wanasema kocha wa mpira wa kikapu wa chuo cha Darsait, wavaao manjano, kahamia kwa wapinzani wao wa buluu, chuo cha Khuwair. Mazoon alishamaliza kusoma hapo Darsait, sasa yumo benki, lakini kila mechi ndiye anayepiga ngoma ya mashabiki. Na kocha huyo ndiye huyu Muatasim, anayempigia simu kila jioni akimwita roho yangu.

"Roho yangu, nilidhani unajua."

"Nijue kwa nani? Kwa majini?"

"Kwa baba yako! Mtu anataka kuposa, kabadilisha kazi, adabu si kumwambia mzee mwanzo?"

Mazoon akarudi nyumbani mbio. Baba yake, Mzee Marhoon, alikuwa anakunywa kahawa.

"Ah, kweli aliniambia. Nikajua na wewe keshakwambia. Mie mambo ya wapenzi naingia wapi?"

Hasira zikampoa, jioni akapiga simu mwenyewe.

"Khalas, yameisha, nimekusamehe. Kafundishe unapotaka, kazi yako hiyo."

"Alhamdulillahi! Basi Alhamisi tukicheza na Darsait ukae upande wetu, habibti. Mama kakununulia mtandio wa buluu."

"Upande wenu upi?"

"Mchumba wa kocha awashangilie wapinzani? Watu watasemaje?"

"Waseme! Darsait nnaipigia ngoma tangu we hujaja, enzi tunafungwa kila wiki."

"Yaani unakipenda chuo kuliko mie?"

"Wewe nnakupenda. Chuo chako sikipendi. Kigumu kipi hapo?"

Mazoon akamkatia simu.

Alhamisi aliingia ukumbini na abaya nyeusi na mtandio wa manjano unaoumiza macho. Akaipiga ngoma mpaka Muatasim akawa anawafundisha wachezaji wake kwa ishara za vidole. Darsait wakafungwa vibaya. Ngoma haikunyamaza.

Kesho yake baada ya Alasiri, Bi Mahfoudha, mama yake Muatasim, akaja na posa na sinia la halwa. Kwao msichana akiulizwa akanyamaza, ndiyo kakubali.

"Mwanangu anakutaka, Mazoon. Ila na hii mipira, ukishaolewa uwe upande wa mumeo. Wasemaje, mwanangu?"

Wanawake waliojaa sebuleni wakasubiri. Shangazi mmoja keshafungua mdomo apige kigelegele.

"Nnasema," akajibu Mazoon. Kigelegele kikamkwama shangazi kooni. "Muatasim namtaka. Buluu siitaki. Kama hanitaki na manjano yangu, halwa irudi."

Bi Mahfoudha akamtazama, akatoa simu, akampigia mwanawe, akaweka spika.

"Muatasim, mchumba wako anakutaka, buluu haitaki. Tuondoke?"

Mazoon kashika ukingo wa kiti, lakini macho hakuyainamisha.

"Msiondoke, mama," akasema Muatasim. "Mwambie akae anapotaka. Ila jana kichwa kimeniuma, ngoma aipunguze kidogo."

"Sipunguzi!"

Muatasim akaangua kicheko. "Niozeshe hivyo hivyo, mama."

"Haya," akasema Bi Mahfoudha, akilivuta sinia, "nimepata mkwe asiyejua kunyamaza. Pigeni vigelegele, kabla hajaongeza sharti jengine!"