Pambizo Alilolikata Shemeji

Mimi naongea sana, najua, lakini hili la mdogo wangu Solange sitii chumvi hata chembe.

Jumapili ile hapa Issoire, Ufaransa, tulikuwa tunakula dengu na soseji, tunacheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Mumewe, Anselme, akaingia na picha ya mlima na mto, zile za kale zilizochapwa kwa jiwe, anazozikusanya kama mwehu. Kaitoa kwa bibi mmoja mjane. Barabarani kwenye picha kuna mwanamke kajitanda shuka nyeusi, mdogo kama chawa.

"Bibi kasema pambizo hili jeupe, ukingo wa karatasi, lisikatwe," akasema. "Eti ndio uzio unaomzuia huyu mwanamke."

"Basi usikate, shemeji. Mkasi wako na kichwa chako, vyote butu."

Akacheka. Akakata. Mkusanyaji gani anakata pambizo? Lakini alikuwa na fremu yake ya dhahabu, na karatasi ilizidi vidole viwili.

Wiki ya pili Solange akanivutia jikoni. "Dada, yule mwanamke anasogea."

Nikacheka nikashika meza. Nikaenda kutazama pale sebuleni alipoitundika. Sikucheka tena. Amekuwa mkubwa kama kidole. Anakuja.

"Anselme, itoe hapo," Solange akanong'ona. "Ananiangalia mimi."

"Unajua picha ziko ngapi duniani ambazo mtu anasogea? Hii tu. Siitoi."

"Na wake unao wangapi?"

Alikuwa ameinamia lenzi yake, anampima yule mwanamke.

Alhamisi mchana nikawapelekea mkate. Mlango wazi. Sufuria inachemka. Viatu vya Solange viko chini ya picha, vimeelekea ukutani. Solange hayupo. Barabarani sasa wako wawili, wametupa mgongo, wanaelekea mlimani. Mmoja yuko peku.

Polisi walitafuta mpaka mtoni. Mimi nilimpigia Anselme magoti airudishe kwa yule bibi, labda anajua la kufanya.

"Ina watu wawili sasa, shemeji," akaniambia, taratibu, kama anafundisha mtoto. "Hakuna nyingine kama hii Ufaransa nzima."

Wakusanyaji wenzake wanakuja na lenzi zao, wanakunywa divai, wanampongeza.

Kila asubuhi kioo cha fremu kinaamka na ukungu, kama mtu kakipumulia. Anselme anakifuta kwa kitambaa laini. Anafuta, anafuta. Ukungu hautoki.

Uko upande wa ndani.