Wazo la Tatu

Saa nne asubuhi soko la Konyo Konyo, mjini Juba, halimsubiri mtu, na Lako alipenya katikati ya wauza nyanya na mikokoteni akiwa amekumbatia madaftari matatu ya shule. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri, ila viatu vilikuwa vimejaa vumbi jekundu la mtaa wake wa Gudele. Alikuwa anatafuta mtu wa kumchapia maandishi yake ya filamu, akaelekezwa kwa Scovia.

Scovia, Mganda wa Arua, alikuwa amekaa chini ya mwavuli mkubwa na kompyuta yake, printa na jenereta ndogo inayokohoa. Alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi, basi alipofungua daftari la kwanza na kukuta watu wanazungumza, aliendelea kusoma. Kisha akacheka.

"Huyu mwanamke wako anaongea kama waziri," alisema. "Bwana yake amepotea miaka mbili, sasa amerudi, na yeye anasema 'nimefurahi sana kukuona'. Nani anasema hivyo?"

"Wewe ungesema nini?"

"Mimi ningemuuliza kama amekula. Akisema hapana, ningekataa kumpikia."

Alichapa hivyo hivyo bila kuomba ruhusa, na Lako hakumkatalia. Siku hiyo Lako alianza kumpenda, na siku hiyo hiyo alianza kuchukua vya kwake. Kwa Lako mambo hayo mawili hayakuwahi kutengana.

Lako alikulia kwenye makazi ya wakimbizi kule Adjumani, Uganda. Sinema alizijulia kwenye kibanda cha video cha matete, ambako mtafsiri alishika kipaza sauti na kuongea juu ya filamu ya Kichina maneno yoyote yaliyomjia kichwani. Lako mdogo aliamini kuwa Wachina wale ndivyo walivyosema. Alipogundua kwamba yote yalitoka kwa mwanamume mmoja mwenye soda mkononi, aliitamani kazi ile kuliko kazi nyingine yoyote duniani. Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba, anaandikisha malori kwenye yadi moja ya mtaa wa Sherikat, na madaftari yake yamejaa bunduki na watu wanaofukuzana.

Akawa anapita kwa Scovia kila akitoka kazini. Yeye alisoma sehemu za wanaume, Scovia za wanawake, na wateja waliosubiri zamu walitoa hukumu. Jioni walipigiana simu.

"Umekula, habibti?"

"Umenipigia uniulize chakula, ama umenimiss?"

"Vyote."

"Basi anza na ile ya pili," Scovia alimwambia, na Lako akaanza, na muda wa maongezi ukamwishia katikati.

Alasiri moja mvua iliwafungia chini ya mwavuli, Scovia akamsimulia habari za mama yake. Mama huyo aliwauzia chai madereva wa malori pale Nesitu, kwenye barabara ya Nimule. Baba yake Scovia alikuwa mmoja wa madereva hao, akaondoka na mzigo na hakurudi. Kwa miaka tisa, kila siku, mama alimimina kikombe kimoja na kukiweka pembeni, na jua likizama alimwaga ile chai na kukiosha. Alikufa bila kumsema vibaya yule mwanamume. Scovia alikuwa hajawahi kumwambia mtu jambo hili. Lako alilia pamoja naye, na alilia kweli, hilo simnyimi.

Ndipo yakatangazwa mafunzo ya mwaka mzima ya kuandika filamu, huko Nairobi. Fomu iliuliza mwombaji ametoka wapi, anapenda kuandika nini, ana mawazo gani matatu ya filamu, na kwa nini hadithi hizo ni zake. Mawazo mawili yalichapwa na Scovia. La tatu Lako alisema bado analifikiria.

Wiki hiyo mtu alimwona Lako huko Gudele, ameinamia kompyuta ya mchapaji mwingine, msichana anayeitwa Jolly, vichwa vyao vinakaribia kugusana. Habari ikafika sokoni kabla ya chakula cha mchana. Scovia hakupokea simu siku nne. Alipopokea, Lako aliapa kwamba hana lolote na Jolly, na ulikuwa ukweli mtupu, kwa hiyo akasamehewa na kupikiwa samaki. Afadhali lingekuwa la Jolly.

Wiki tatu baadaye, redio ya jirani ilimtaja Lako. Alikuwa amechaguliwa. Scovia alisimama, mikono kifuani, wauza nyanya wakaanza kupiga vigelegele. Mtangazaji akamuuliza Lako ni wazo lipi lililowagusa waamuzi.

"La tatu," ilijibu sauti ya Lako. "Ni maisha ya mama yangu. Aliuza chai Nesitu. Kila siku alimwekea baba kikombe."

Mama yake Lako ni mzima, yuko Gudele, anaimba kwaya, na hajauza hata kiberiti. Scovia alikaa chini taratibu; sasa alijua ni nini kilichochapwa kwa Jolly.

Kesho yake Lako alikuja na koti jipya.

"Nilikuambia wewe," Scovia alisema. "Sikuambia redio."

"Malesh, Scovia, nisamehe. Fomu iliuliza kwa nini hadithi ni yangu. Ningeandika nini?"

"Kwamba ni ya mpenzi wako."

"Wangenichukua?"

"Sijui. Lakini nenda sasa uwaambie ni mama yangu. Wakikufukuza, mimi iko hapa. Tutaandika ingine."

Lako alitazama viatu vyake. Akisema kweli, nafasi ataipata mtu mwingine, na yeye ameingoja tangu kibanda cha matete. Scovia aliyaona yote hayo usoni mwake na bado alimngoja.

"Nina njia nzuri zaidi," Lako alisema, akamshika mkono. "Nikuoe. Nitatuma wajomba Arua kabla sijasafiri. Tukioana, mama yako ni mama yangu, kwetu ndivyo ilivyo. Hapo nitakuwa sijasema uongo."

Scovia alikuwa ameyangoja maneno hayo miezi minane. Alikuwa amekwisha kuchagua hata rangi ya gauni. Sasa yamekuja, na yametumwa kufanya kazi nyingine. Aliutoa mkono wake.

"Huyo mama yako," aliuliza, "anaitwa nani?"

"Mama Scovia."

"Hiyo ni jina yangu. Yeye anaitwa nani?"

Lako alikuwa ameuliza mama yule alivyofunga kanga, alivyoshika birika, alichosema lori likipita bila kusimama, na yote yalikuwa kwenye karatasi. Hili hakuliuliza.

"Niambie basi," alisema, na mkono wake ukaenda mfukoni kutafuta kalamu.

Scovia aliuona mkono ule. Alimwita mteja aliyefuata, mama mmoja aliyetaka barua ya kuomba kazi, akamwomba jina lake kamili, na machozi yakamtoka huku analichapa.