Gari la Waya Lililokataa Kusimama

Ndugu zangu wa Sindeni, nisikilizeni. Mwaka ule wa kwanza wa kijiji chetu cha ujamaa, asubuhi za gulio zilikuwa njema. Mahindi yalipakiwa kwenye lori la kijiji, watu wakakaa juu ya magunia, na dereva wetu, Mzee Mdoe, akawasha injini.

Ubaya ulianza kwa vigelegele. "Kimbunga! Tuwahishe Korogwe!" Tulimwita Mdoe Kimbunga kwa sababu kila mteremko aliushuka akiwa ametoa gia, lori likiruka kama beberu. Tukauita huo ushujaa! Mkewe, Mwantumu, alibaki mlangoni akituombea dua.

Binti yao, Mwaija, alisoma sekondari Korogwe. Siku moja tulipompelekea unga, tukakuta darasa la fizikia linapima mwendo wa magari ya watoto, yale ya waya yenye magurudumu ya malapa. Gari liliteremka kwenye ubao ulioinamishwa, likapita alama mbili sakafuni, likaishia mchangani. Saa yao ilikuwa jiwe linalobembea kwenye uzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe mnafundishwa kucheza?"

Wanafunzi wakacheka. Mwaija hakucheka. "Baba, mwendo ukiwa mara mbili, gari litaingia mchangani umbali mara ngapi ya huu?"

"Mara mbili. Hata mbuzi wangu anajua." Akavua kofia, akaiweka pembeni mwa mchanga, penye umbali huo. "Litasimama hapa."

Mwaija akainua ubao mpaka jiwe likaonyesha mwendo umekuwa maradufu. Gari likaipita kofia, likaendelea, likaendelea. Wakapima: mara nne.

"Rudia," Mdoe akasema.

Mara nne tena. Nywele zilinisimama, jamani! Ndani ya mchanga ule mlikuwa na amri isiyoonekana, isiyojali dereva anaitwa nani.

"Langu lina breki," Mdoe akanong'ona.

"Breki nazo ni mchanga tu, baba. Na lako limebeba watu."

Akaokota kofia, akaikung'uta, akaivaa.

Wakati wa kurudi tulipiga bodi kwa viganja. "Kimbunga, umekuwa kobe?"

"Anayeona nachelewa, ashuke atembee!"

Kwenye mteremko, ng'ombe wa Mzee Moreto, mfugaji jirani yetu, wakakata barabara, na binti yake mdogo, Yuditha, akiwa katikati yao. Mdoe akakanyaga breki. Magurudumu yakasota, vumbi likatufunika. Lilipotulia, Yuditha alikuwa amesimama, kiganja chake kimegusa bampa.

Mdoe akatoa kichwa dirishani. "Haya, pigeni vigelegele sasa."



FUNZO

Dereva hakimbizi gari peke yake. Sisi tunaomshangilia tunakanyaga mafuta pamoja naye. Mwendo ukiongezeka kidogo, hatari huongezeka sana. Amri hiyo haibembelezwi. Msifuni dereva anayewafikisha, na wasikilizeni watoto mliowapeleka shule. Nami nawaachia ubeti huu:

Mwendo ukikuzidia, breki haitasikia,
Na wewe ulosifia, damu itakurudia.