Fundi Aliyetangulia

Kila jioni Kasuku alimpokea baba yake mlangoni na kumsaidia mfuko wa spana, ambao aliubeba kwa mikono miwili. Baba alikuwa fundi bomba. Jina la Kasuku alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa kuwa akisikia neno mara moja, halimtoki tena.

Wiki hiyo alikuwa na kibarua kizito. Siku ya wazazi angesoma mbele ya watu insha yake ya Kiingereza kuhusu kazi ya baba, na sentensi ya kwanza ilikuwa na neno "plumber". Mwalimu wa Kiingereza, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, alibaki naye baada ya masomo. "Plam-ba," alimfundisha. "Usiimeze hiyo b, mwanangu." Kasuku alimpenda mwalimu huyo kupita wote, kwani ndiye aliyemshika mkono alipokuwa hajui kusoma hata mstari mmoja.

Siku moja kabla ya sherehe, shangazi alikuja kumsalimu kaka yake. Kasuku aliazima simu ya shangazi ili asikilize kamusi inayotamka maneno. Akabonyeza neno lake, na simu ikasema, "Plama." Akabonyeza tena, ikasema vilevile.

Furaha yote ilimwisha. Akisema plama, mwalimu wake ataumbuka mbele ya wazazi. Akisema plamba, atakuwa anarudia kosa analolijua, tena juu ya kazi ya baba yake mwenyewe.

"Mbona umenywea hivyo?" baba aliuliza, akinawa mikono. Kasuku akamweleza yote.

"Mimi Kiingereza chenu sikijui," baba alisema. "Lakini hebu niambie. Fundi akiitwa kwenye bomba linalovuja, anaanza kwa kusema nini?"

Kasuku na shangazi wakacheka. "Anauliza, 'Kwani nani aliwatengenezea hivi?'"

"Basi. Anamponda fundi aliyetangulia mpaka mwenye nyumba ajute kumjua. Mimi sifanyi hivyo, maana huyo ndiye aliyewaletea maji. Nikimfahamu, namwambia pembeni, halafu nakaza palipolegea. Ila siachi maji yamwagike eti namwonea aibu."

Asubuhi Kasuku aliwahi shuleni, akamkuta mwalimu akifuta ubao peke yake. Akamwamkia, kisha akamweleza kwa sauti ndogo, macho yakiwa sakafuni.

Mwalimu alitoa kamusi kabatini, akavaa miwani, akasoma, akarudia kusoma. Kasuku alitamani angekaa nyumbani siku hiyo.

"Miaka yote hii," mwalimu alisema mwishowe. "Umemwambia nani mwingine?"

"Baba na shangazi tu, mwalimu."

Mwalimu akamvuta karibu. "Haya, nifundishe."

Kasuku akatamka, mwalimu akafuatisha. Mara ya kwanza ile b ikamponyoka, wakacheka wote wawili.

Mchana ukumbi ulijaa. Kasuku alianza kusoma, na neno likatoka sawasawa. Wanafunzi wakaguna, na mmoja akasema, "Amekosea huyo." Kasuku akasita. Ndipo mwalimu aliposimama.

"Hajakosea," alisema. "Niliyekosea ni mimi, nikawakosesha na ninyi. Leo asubuhi mwenzenu alinifuata tukiwa wawili tu, akaniambia kwa adabu. Wanangu, ukijua kosa la mtu, mwambie ukweli na umtunzie heshima yake. Na ukiambiwa wewe, shukuru, kisha urekebishe. Sasa tulitamke pamoja."

Ukumbi mzima ukatamka. Baba alikuwa ameketi nyuma kabisa, shati limenyooshwa vizuri, naye alitamka pamoja nao. Hakuwahi kusikia kazi yake ikitajwa na watu wengi kiasi kile. Shangazi, aliyeketi kando yake, alimsimulia Kasuku baadaye kwamba baba alijifuta macho kwa kiganja, akamgeukia na kumnong'oneza, "Kumbe huyo ndiye mimi."