Ngozi ya Ng'ombe wa Stefano

Kila Jumatatu asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijagongwa, Agripina alipitia ofisi ya kijiji kunakili matangazo yaliyobandikwa ukutani. Alikuwa darasa la sita, na alikuwa na sauti inayowafikia wa nyuma kabisa bila yeye kupiga kelele. Kwa sababu hiyo Mwalimu Rukaiya alimpa kazi ya kuwasomea wenzake matukio ya wiki. Wiki nyingine tangazo lilikuwa moja tu, tena la mbuzi aliyepotea. Agripina aliisoma habari ya mbuzi huyo kwa madaha kama mtangazaji wa redio, na shule nzima ikaangua kicheko.

Jumatatu hii ukuta ulikuwa umejaa. Kwaya za kata zingekutana Jumapili. Kungekuwa na mashindano ya baiskeli, halafu maonyesho ya vikapu na vyungu vya kina mama. Katikati ilibandikwa karatasi kubwa ya njano: Tamasha la Ngoma za Shule, uwanja wa mnada, Ikungi, Jumamosi ya wiki ijayo. Jina la shule yao lilikuwa la tatu kwenye orodha. Agripina alipolisoma mstarini, watoto walishangilia mpaka Mwalimu Rukaiya akashindwa kuwanyamazisha, maana na yeye alikuwa anacheka.

Agripina aliishi na Babu Alute, baba mzazi wa mama yake. Mama alikuwa Itigi, akiwapikia chakula abiria wa treni, na alionekana nyumbani wakati wa sikukuu tu. Siku nyingine zote Babu ndiye aliyemwamsha, aliyemkagua kucha na aliyemsubiri mlangoni akichelewa. Mzee huyu alikuwa fundi wa kuwamba ngoma. Tena alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake: hakugusa ngozi ya mtu yeyote kabla ya kuuliza mnyama alikufaje. Watu walimtania kwamba anataka kwanza kuandika cheti cha kifo. Yeye hakujali, aliuliza tu.

Jumanne jioni kikundi kilianza mazoezi. Ngoma kubwa ya shule, kama ngoma zote, ilitakiwa kupashwa moto kwanza ili ngozi ikaze na kutoa sauti. Kazi hiyo alikabidhiwa Agripina. Aliiegemeza karibu na moto, kisha akaenda kuwaonyesha wadogo jinsi ya kupiga hatua. Wadogo walikosea, akarudia. Wakakosea tena, akarudia tena. Aliposikia mlio mkali nyuma yake, ngozi ilikuwa imeshapasuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Mwalimu Rukaiya aliinama, akapitisha kidole kwenye ule mpasuko.

"Agripina, hii ngoma nilimkabidhi nani?"

"Mimi, Mwalimu."

"Basi. Kama haitapatikana ngozi nyingine mapema, Ikungi hatuendi. Hatuwezi kucheza kwa kupiga makofi."

Watoto walirudi nyumbani makundi makundi, na hakuna kundi lililomngoja Agripina. Alilia njia nzima. Babu alipousikia mkasa wenyewe, hakumfokea.

"Mikono ya kuwamba ninayo, mjukuu wangu. Ngozi ndiyo sina. Na ngoma ile inataka ngozi ya ng'ombe. Tukiweka ya mbuzi, italia kama debe."

Siku iliyofuata, mchana, ng'ombe mmoja wa jirani yao Stefano alianguka malishoni akafa papo hapo. Damu nyeusi ilimtoka puani, na haikuganda. Agripina alikuwa amekwenda kuchota maji kisimani kwa Stefano wakati mwenye ng'ombe anazungumza kwa simu na bwana mifugo wa kata, na simu ilikuwa na sauti ya juu.

"Stefano, nisikilize vizuri," ilisema sauti ya bwana mifugo. "Usimchune, usimpasue, hata mbwa usiwape. Mfunikeni kwa miiba, mchimbe shimo refu mumfukie leo leo. Mimi nitafika chanjo ikishaletwa kutoka wilayani."

Stefano akaondoka mbiombio kutafuta wachimbaji. Alimwacha Amosi, kijana wa miaka kumi na sita aliyemchungia mifugo, amlinde ng'ombe yule asiliwe na mbwa. Amosi alikuwa binamu yake Agripina. Msichana akatua ndoo yake, akamfuata.

"Kaka Amosi, nikatie kipande cha ngozi. Cha ukubwa wa sinia tu."

"We una wazimu? Hujasikia walivyosema?"

"Wamesema asiliwe. Mimi nakula ngozi?"

"Wamesema asichunwe, Agri."

"Ngozi ikifukiwa itamsaidia nani? Shule nzima inanichukia mimi. Kipande kimoja tu, kaka. Hakuna atakayejua."

Amosi alitazama huku na huku. Alimpenda binamu yake na hakuwa hodari wa kukataa, na kasoro hiyo imewaponza wengi. Alichomoa kisu. Walipomaliza walimfunika ng'ombe kwa matawi ya miiba, na wachimbaji walipofika walimsukuma shimoni kwa miti, matawi na yote, kwa sababu kila mmoja aliogopa kumsogelea. Hakuna aliyeona kitu.

Babu, aliyekuwa ameshinda mbali akijenga zizi bila kusikia habari za Stefano, aliipokea ngozi ikiwa bado imeviringishwa. Kabla ya kuikunjua akauliza kama kawaida yake.

"Mnyama huyu alikufaje?"

"Alichinjwa, Babu. Kwenye harusi kijiji cha pili. Amosi ndiye aliyeniombea."

Babu akaikunjua. Akakunja uso. "Mbona imebaki na damu namna hii? Aliyemchinja alikuwa fundi wa wapi?"

"Walikuwa na haraka, Babu. Wageni walikuwa wameshafika."

Mzee alimtazama kwa muda. Agripina hakuwahi kumdanganya kwa jambo lolote, angalau kwa jambo kubwa, kwa hiyo akaamini. Akailoweka. Alhamisi akakaa kutwa akiikwangua manyoya kwa kisu, mikono yake ikiwa imelowa mpaka viwikoni. Mkono wa kulia ulikuwa na mchubuko wa mwiba alioupata akijenga zizi. Ijumaa akaiwamba, akaipigilia vijiti pande zote na kuianika. Alikuwa akiimba. Agripina alimletea uji, akakaa karibu naye, na moyo wake haukutulia hata kidogo.

Jumatatu ngoma ilipelekwa shuleni. Ilipopigwa mara ya kwanza, sauti yake ilifika mpaka ofisi ya kijiji, na watoto wakamrukia Agripina kwa furaha. Wale waliomwacha njiani ndio waliokuwa wa kwanza kumkumbatia. Alicheka pamoja nao. Asubuhi ile alikuwa ameona kipele kwenye mkono wa Babu, kidogo kama cha kuumwa na mdudu, na Babu alikuwa anajikuna.

Jumanne kipele kilikuwa lengelenge. Jumatano lengelenge lilikuwa limepasuka, na katikati yake pamekuwa peusi tii. Mkono ulivimba kuanzia vidoleni hadi begani.

"Kinauma, Babu?"

"Ajabu ni kwamba hakiumi. Baridi tu ndiyo inanisumbua," alisema Babu, ingawa jua la saa sita lilikuwa linawaka na yeye amejifunika blanketi.

Wakaenda zahanati, mzee akitembea huku amemshika bega mjukuu wake. Nesi Nasma alikiangalia kidonda kwa makini, akavaa glavu nyingine juu ya zile alizokuwa nazo.

"Shikamoo mzee. Siku hizi za karibuni umeshika mnyama aliyekufa mwenyewe? Nyama, ngozi, hata manyoya?"

"Marahaba. Nimewamba ngoma ya watoto wa shule. Lakini ngozi ni ya ng'ombe aliyechinjwa harusini, niliuliza mwenyewe. Huyu hapa ndiye aliyeileta."

Nesi akamgeukia Agripina. "Ni kweli, mwanangu?"

Zilibaki siku tatu tu kufika Jumamosi. Akilini Agripina aliiona ile karatasi ya njano, akaona na nyuso za wenzake. Aliuona pia mkono wa Babu, mbele ya macho yake, umevimba mpaka ngozi inang'aa.

"Ndiyo," akajibu. "Wa harusini."

Nesi Nasma akasafisha kidonda, akatoa vidonge vya homa, akasema warudi kesho bila kukosa. Alionekana hajaridhika, lakini angefanyaje?

Hawakuweza kurudi kwa miguu. Alfajiri ya Alhamisi uvimbe ulikuwa umepanda shingoni na Babu alikuwa anahema kwa shida. Majirani walimweka kwenye kitanda cha kamba, wakambeba hadi zahanati, na nesi akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Mzee alikuwa anaweweseka. Mara aliongea Kinyaturu na watu waliokwisha kufa zamani, mara akarudi kwenye Kiswahili.

"Ngoma ya mtoto msiiache juani," alisema. "Atalia ikipasuka tena. Msiiache juani."

Agripina alimshika nesi gauni kwa mikono yote miwili.

"Nilidanganya! Ng'ombe hakuchinjwa. Ni yule wa Stefano, aliyefukiwa. Mimi ndiye niliyemwambia Amosi amchune. Nesi, Babu asife! Nilidanganya!"

Nesi Nasma hakumpiga wala hakumtukana. Alifumba macho kidogo, kisha akafanya mambo kwa kasi. Akamtundikia mzee dripu, akamchoma sindano, akapiga simu hospitali ya Ikungi. "Ni kimeta," alisema kwenye simu. "Nina uhakika sasa. Ndiyo, ngozi. Anakuja." Simu ya pili alimpigia bwana mifugo.

Siku ile kijiji hakikutulia. Bwana mifugo alifika akiwa amevaa glavu na buti ndefu, akaichukua ngoma na kuiteketeza nyuma ya shule, watoto wakitazama kwa mbali. Agripina, Amosi, Mwalimu Rukaiya na kila mtoto aliyeigusa ngoma ile walipewa vidonge vya kumeza kwa siku nyingi. Ng'ombe wengine wawili wa Stefano walikufa kabla ya kuchanjwa, na mnada ukazuiwa kupokea mifugo ya kijiji kizima. Amosi alifukuzwa kazi. Hakumlaumu Agripina, hata neno moja, na jambo hilo lilimuumiza msichana kuliko matusi.

Jina la shule yao likafutwa kwenye orodha ya tamasha.

Mama alifika kutoka Itigi siku hiyo hiyo usiku, akamkuta Babu hospitali ya Ikungi, akakesha naye siku mbili. Jumamosi alimruhusu Agripina aingie wodini, yeye akaenda kufua. Uwanja wa mnada haukuwa mbali. Kupitia dirishani zilisikika ngoma za shule nyingine, vigelegele, na mtu anayetangaza kwa kipaza sauti. Babu alikuwa macho. Homa ilikuwa imeshuka na uvimbe wa shingo umeanza kupungua. Mkono wote wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji, na daktari alikuwa amesema ataishi, ila vidole viwili huenda visikunjike tena.

"Shikamoo, Babu."

Babu alichelewa kuitikia. Hakuwahi kuchelewa kuitikia.

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Machozi yakaanza kumtoka kabla hajasema lolote. "Babu, nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini leo nina hasira, na sitaki kukudanganya kwamba sina." Sauti yake ilikuwa dhaifu. "Ulipasua ngoma, hiyo ni bahati mbaya. Ukaleta ngozi ya kibudu, hapo ulitamani tamasha na ulikuwa hujui ubaya wake wote. Hata hilo naweza kulielewa. Kinachoniuma ni pale zahanati. Nesi alikuuliza, mkono wangu unauona, ukasema harusini."

Agripina aliutazama mkono uliofungwa bendeji.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Amri ya bwana mifugo si ya kututia umaskini. Mnyama akifa ghafla, haguswi, halafu anaambiwa mtaalamu. Baba yangu aliuliza swali lile la ngozi kwa sababu kaka yake alikufa hivi hivi. Mimi nimeliuliza miaka arobaini. Lakini swali halina kazi kama anayejibu ni mwongo. Nesi anatibu kile anachoambiwa. Siku moja zaidi ya uongo wako, leo mngekuwa kaburini kwangu, si hapa."

"Sitarudia, Babu. Sitarudia kabisa."

"Usiniambie mimi leo. Mwambie Amosi, umwambie Stefano, umwambie na Mwalimu wako. Nenda kwa kila mmoja nyumbani kwake, na useme mwenyewe ulichofanya, usimtume mtu."

"Nitakwenda."

Mhudumu akaingia na bakuli la uji, akaliweka juu ya kabati dogo kando ya kitanda, akatoka. Babu alinyoosha mkono wa kushoto akachukua kijiko. Mkono ukatetemeka, uji ukamwagika juu ya shuka. Akajaribu tena, ukamwagika tena. Alikirudisha kijiko kwenye bakuli akageuza uso ukutani. Huko nje watu walikuwa wanamshangilia mshindi.

Agripina alifuta machozi yake, akanawa mikono kwa sabuni, akasogeza kiti. Akachota uji kidogo, akaupuliza, akausogeza karibu na mdomo wa Babu, akasubiri. Ilichukua muda mpaka mzee alipogeuka na kufungua kinywa.