Viti Laini vya Jukwaa la Kati

Saa sita na nusu mchana, siku ya Jumamosi, Lawrence Kitsao alikwama kwenye lango la tiketi la kituo cha Stratford, yeye na ngoma yake. Lango lilimpitisha yeye, kisha likajifunga na kuibana ngoma katikati. Nyuma yake foleni ilizidi kurefuka: kina mama na mifuko ya madukani, wasafiri na masanduku yao, wanafunzi waliovaa skafu za kijani. Kama ilivyo desturi ya London, watu wote walisaga meno kimya kimya. Lawrence mwenyewe aliinama akawa anaibembeleza ngoma ile kwa Kiswahili cha Kilifi, kama mtu anayemsihi mbuzi aingie zizini.

"Kaka, ngoma yako haijalipa nauli," sauti ya mwanamke ilisema.

Aligeuka. Mbele yake alisimama dada mrefu mwenye koti la rangi ya haradali na kilemba cha kitenge cha buluu. Alikuwa akicheka kwa macho tu.

"Nauli yake nimelipa mimi," Lawrence alijibu. "Hawa hawaamini."

"Basi ngoja nikuaminie." Dada yule aligusisha kadi yake kwenye lango, likafunguka, na ngoma ikapita. Kisha akabaki upande wa pili, maana kadi ile ile haikukubali kumpitisha mara ya pili. Ilibidi amwite mfanyakazi wa kituo, ajieleze kwa dakika tano, na Lawrence akamngoja muda wote huo, ngoma miguuni.

"Umechelewa safari yako kwa ajili yangu," Lawrence alimwambia alipotoka.

"Sina safari. Naenda kazini, uwanja wa Chuo cha Abbey Creek."

"Na mimi naenda huko huko. Mimi ndiye kelele unazozisikia Jumamosi."

Aliitwa Adelina Mghoi, binti wa Taita, na alikuwa na miezi miwili tu katika ofisi ya tiketi ya chuo kile. Lawrence alikuwa muuguzi katika hospitali moja kule Lewisham. Alisomea uuguzi Abbey Creek, na hata baada ya kuhitimu hakuacha kwenda kuwashangilia wachezaji wa chuo. Timu za vyuo vingine zilitazamwa na wazazi wachache na mbwa wao. Ya Abbey Creek ilikuwa na mashabiki wanaofika elfu mbili, kwa sababu tiketi ilikuwa pauni nane, na kwa sababu ya safu ya F.

Safu ya F ilikuwa kwenye jukwaa la kati, sawasawa na mstari wa katikati ya uwanja. Hapo walikaa wauguzi, wahudumu wa wazee, wanafunzi wa Kikenya na wa Kitanzania, na Mzee Praful, mwenye duka la vitambaa Southall. Mzee Praful alizaliwa Kisumu. Bintiye alisoma Abbey Creek miaka kumi na mitano iliyopita; binti alihitimu akaondoka, baba akabaki na timu. Kila mechi alileta kachori kwenye kopo la plastiki, akazigawa kwa ukali kama daktari anayegawa dawa.

"Huyu nani?" aliuliza siku Adelina alipopanda kuwasalimu wakati wa mapumziko.

"Ni wa ofisi ya tiketi, Mzee."

"Basi apewe moja. Akituongezea bei, tutamdai."

Wote wakacheka, Adelina naye akacheka.

Mapenzi yao yaliingia haraka. Kwa sababu ya zamu za Lawrence, mengi yalipitia kwenye simu.

"Umekula?" Adelina angeuliza.

"Nimekula tosti ya mgonjwa aliyekataa tosti."

"Lau, utakuja kufa na njaa ukiwa ndani ya hospitali. Njoo Jumapili nikupikie kimanga cha kwetu, muhogo wa kuponda na maharagwe."

"Nikija nitakula, halafu sitaondoka."

"Nani kakwambia nataka uondoke?"

Jumapili walitembea pamoja sokoni Lewisham, yeye na kilemba chake cha buluu, Lawrence na viatu vyake vyeupe vya kazini alivyokataa kuvibadilisha kwa sababu, alisema, miguu yake imeshavizoea kama mume na mke. Kufikia Novemba, Adelina alikuwa amemtajia mama yake aliyeko Voi jina la Lawrence mara nne katika simu moja, na mama alikuwa ameanza kuuliza habari za ukoo.

Ndipo Adelina alipoitwa mkutanoni na meneja wake, Bi Natasha.

Chuo kilikuwa kimeamua kubadilisha jukwaa la kati. Viti vya zamani vitang'olewa, viwekwe viti mia sita vya ngozi, vyenye joto, pamoja na chakula cha mchana. Kila kiti pauni sitini. Mashabiki wa kawaida watahamishiwa nyuma ya goli, kwa pauni kumi na tano.

"Hawatalipa," Adelina alisema. "Nawafahamu. Watabaki nyumbani."

"Hatuwauzii hao," Bi Natasha alijibu, bila ubaya, kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. "Na hili lisitoke nje hadi barua zitumwe. Ukilitoa, sitaweza kukutetea."

Adelina alielewa. Viza yake ilitegemea kazi hiyo. Akiachishwa, angekuwa na siku sitini za kupata mwajiri mwingine au kufunga mizigo. Aliandika ukurasa mmoja wa kupinga mpango ule, akampa Bi Natasha, nao ukaingia kwenye droo. Kisha akanyamaza. Kwa wiki tatu aliongea na Lawrence kila siku, akamuuliza kama amekula, akala kachori za Mzee Praful, asiseme neno.

Barua zilitoka Jumatatu. Chini kabisa, kwa kuwa ofisi ya tiketi ndiyo iliyozituma, palikuwa na jina: Adelina Mghoi.

Mzee Praful alimpigia Lawrence simu wakati wa chai. "Nimesoma barua ya msichana wako," alisema. "Kiingereza chake kizuri sana. Nimefukuzwa kwa adabu."

Lawrence alitoka nje, akasimama karibu na magari ya wagonjwa, akampigia Adelina.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki tatu," Adelina alisema.

"Wiki tatu. Na Jumamosi ulikaa katikati yetu ukala chakula cha yule mzee."

"Lau, niliambiwa nisiseme. Viza yangu..."

"Ungeniambia mimi. Mimi si gazeti."

"Ningekwambia ungenyamaza? Wewe? Ungewaambia safu nzima kabla ya jua kutua, na mimi ningekuwa uwanja wa ndege."

"Kwa hiyo hukuniamini."

"Niliogopa," Adelina alisema. "Si kitu kimoja."

"Kwangu mimi ni kitu kimoja," Lawrence akasema, na akakata simu. Alirudi wodini akapima presha za watu kumi na wawili bila kukumbuka hata moja. Ilibidi asome alivyoandika. Adelina alipiga tena jioni, na kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne naye akaacha, kwa sababu ana heshima yake.

Majira ya baridi yakaingia. Viti vya ngozi viliwekwa, vyeusi, vinang'aa. Mechi ya kwanza walikuja watu mia mbili kuvikalia, wengi wao wageni waalikwa. Mechi ya tatu, tisini na sita. Nyuma ya goli nako hakukujaa: wanafunzi walikwenda mara moja, wakanyeshewa, hawakurudi. Uwanja uliokuwa ukichukua sauti ya watu elfu mbili sasa ulimwezesha mtu kumsikia mlinda mlango akikohoa. Wachezaji walifungwa mechi nne mfululizo.

Adelina alikuwa ndiye anayeandika ripoti. Bi Natasha alimwelekeza aandike kwamba jukwaa la kati lina watu mia tano na hamsini, kwa kuwa hizo ndizo tiketi zilizotolewa, za bure zikiwemo. Mara mbili aliandika hivyo. Usiku ule wa pili hakupata usingizi, na asubuhi alipanda treni ya njia ya Elizabeth mpaka Southall.

Mzee Praful alikuwa anapima kitambaa cha hariri. Alimwona, akaendelea kupima.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua au umekuja kunihamisha na hapa?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nilijua, na nilikaa nanyi nikala chakula chako."

Mzee alikata kitambaa kwa mkasi mrefu, polepole, mpaka mwisho. "Kilichoniuma si kiti," alisema. "Mimi nimeshahama nchi, kiti ni nini? Kiliniuma jina lako pale chini. Nilimwambia mke wangu, huyu mtoto mzuri." Akakunja kitambaa. "Sasa umekuja mwenyewe, kwa miguu yako. Basi. Lakini yule mpiga ngoma, huyo umalizane naye wewe."

Adelina hakumwambia habari za ripoti. Hata hivyo, alipotoka pale alikuwa amekwisha kuamua.

Mkutano wa baraza la chuo ulifanyika Februari, saa nane mchana, katika ukumbi wenye dari refu. Wiki moja kabla yake mechi dhidi ya mahasimu wao ilikuwa imeonyeshwa mtandaoni, na kila mpira ulipopita katikati, watazamaji waliona safu kwa safu za viti vitupu. Wazee wa baraza walitaka maelezo. Wawakilishi wa mashabiki waliruhusiwa kuhudhuria: Mzee Praful, aliyevaa suti ya kahawia na tai, na Lawrence, aliyetoka zamu moja kwa moja.

Lawrence alimwona Adelina tangu mlangoni. Gauni jeusi, hereni ndogo, kichwa wazi, nywele zimesukwa mistari. Alikuwa amekonda. Lawrence aliketi akaangalia meza.

Bi Natasha alisoma ripoti. Jukwaa la kati, alisema, limejaa kwa asilimia tisini na mbili.

"Sivyo," Adelina alisema.

Hakuinua sauti. Alisimama, mikono imeshika kiti cha mbele yake. "Hizo ni tiketi tulizotoa. Waliopita langoni katika mechi tatu za mwisho ni tisini na sita, halafu themanini na tatu, halafu mia moja na kumi na mbili. Nimekuja na hesabu ya lango. Kabla ya viti vipya, jukwaa hilo hilo lilikuwa na watu elfu moja kila Jumamosi."

Mwenyekiti, bibi mwenye mvi na miwani, alimtazama. "Ripoti hii imeandikwa na wewe. Nani alikwambia uandike hivyo?"

Bi Natasha alitazama karatasi zake.

"Nilielekezwa," Adelina alisema. "Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na mara mbili nilikubali. Novemba pia niliandika kwamba watu hawa wataondoka. Karatasi hiyo iko ofisini. Ningeweza kuwaambia wao wenyewe, uso kwa uso, nikaogopa. Wako hapa, na nawaomba msamaha."

Akaketi.

Baraza likasema litatoa uamuzi baada ya wiki mbili. Kwenye ujia, Adelina alikuwa anahangaika na kifungo cha koti lake la haradali aliposikia viatu vile vyeupe vikija.

"Hukuniambia uliandika kupinga," Lawrence alisema.

"Hukupokea simu."

"Ulipiga siku tatu tu."

"Ulitaka ngapi?"

Lawrence alitaka kucheka, akashindwa. "Mimi nilikosa, Ade. Nilidhani mtu mwoga hawezi kuwa mkweli. Leo nimekuona umeshikilia kiti kwa woga huku unasema kweli. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu Krismasi. Nilikuwa nakungoja tu wewe." Machozi yalimtoka, akayafuta haraka. "Sasa watanifukuza, Lau. Siku sitini."

"Basi tuoane. Hata mwezi ujao."

Adelina alikifunga kile kifungo cha koti. "Hapana," akasema kwa upole. "Usinioe kwa sababu ya karatasi. Nikikubali leo, maisha yangu yote sitajua nilikubali nini. Nipe mkono tu, unifikishe kituoni."

Lawrence akampa mkono. Kwa wiki mbili aliendelea kumpa: alimpigia kabla ya zamu na baada ya zamu, akamletea supu, wakatafuta pamoja matangazo ya kazi, na hakutaja ndoa hata mara moja, ingawa dada yake Priscilla alimwambia ni mjinga.

Alhamisi simu ililia Lawrence akiwa anambadilishia mgonjwa bandeji. Haikuruhusiwa kuipokea. Ikalia tena.

"Ipokee," mgonjwa alisema, bibi mmoja wa Deptford. "Mguu wangu hauendi popote."

"Lau," sauti ya Adelina ilikuwa nyembamba. "Viti vya pauni sitini vinabaki safu mbili tu. Jukwaa lililobaki linarudi pauni nane. Bi Natasha amehamishwa idara. Na mimi..." Akapumua. "Mimi nimebaki. Wamenipa kazi ya kuwarudisha watu. Wananiongezea viza miaka mitatu."

Lawrence aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo wauguzi hukatazwa. 

"Uko?" Adelina aliuliza.

"Niko, laazizi. Napumua."

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na mechi. Walikutana sokoni Lewisham, jua dogo la Machi likiwa limetoka, wauzaji wakiita bei za matunda yao kwa bakuli. Adelina alichagua ndizi mbichi, akazipindua moja moja.

"Niulize," alisema, bila kuinua macho.

"Nikuulize nini?"

"Lile la kwenye ujia. Leo nina kazi, nina viza, nina nyumba, na sina haja ya msaada wako. Kwa hiyo leo jibu langu litakuwa la kweli."

Lawrence alihamisha mfuko wa viazi vikuu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Alikuwa amejipanga kusema maneno mengi, na yote yakampotea.

"Adelina, utakubali nikuoe?"

"Nitakubali," akasema. Akaweka ndizi kwenye kikapu, akamshika mkono uliokuwa wazi. "Sasa nipe simu yako, yangu imeisha chaji. Kule Voi mama hajakwisha kuuliza habari za ukoo wenu, na safari hii utamjibu mwenyewe."