Hodi ya Kompyuta ya Chang'ombe

Elibariki alikata waya mweusi kwa koleo, akaegemea ukuta wa karakana.

"Nimemnyamazisha," alisema kwenye simu.

"Hujamnyamazisha, kaka Eli," Avelina alijibu kutoka makao makuu ya upelelezi. "Nilikwambia usubiri."

Nyuma ya mlango wa chuma alikuwamo Rogers, msafirishaji wa pembe za ndovu, na kompyuta yake. Alikuwa akiwatumia wakubwa zake wa ng'ambo faili lililoibwa. Ndani yake mlikuwa na picha ya Hamida, shahidi wa kesi ya pembe hizo aliyefichwa Kibamba pamoja na mtoto wake mchanga, na ramani ya nyumba yake.

Gari la kumhamisha lilikuwa limenasa kwenye foleni, Morogoro Road.

Wauaji waliotumwa na wakubwa hao walikuwa karibu na Hamida zaidi. Walisubiri tu kuambiwa ni mlango gani.

"Mie nilidhani intaneti ndiyo huo waya," alisema Elibariki.

"Waya ni barabara moja tu. Faili halisafiri zima. Linakatwa vipande, kila kipande kimeandikwa kinakokwenda. Kule vinaungwa upya. Hili limefungwa kwa siri. Kikikosekana kipande kimoja, halifunguki."

"Vimefika vingapi?"

"Vingi. Na kompyuta inatafuta njia nyingine."

Bastola yake, Glock, ilikuwa kiunoni. Haikuwa na kazi.

Mama lishe wa jirani alimwona amejikunja juani. Akamletea kigoda na kikombe cha maji.

"Kaa baba, utaanguka."

Hakuuliza kitu. Akarudi kwenye sufuria zake.

"Fungua begi," Avelina aliagiza. "Washa kile kisanduku ulichokiita redio ya bibi."

Taa ya kijani ikawaka.

"Kompyuta hukumbuka Wi-Fi ilizowahi kutumia. Ikikosa mtandao, huziita kwa majina. Inapiga hodi. Kisanduku kitaitikia, 'Karibu.'"

"Ikigundua si mwenyeji wake?"

"Hii yake ni ya zamani, haiangalii sura. Anayeitikia ndiye mwenyeji."

"Kama shemeji yangu."

"Nyamaza, nasikiliza."

Taa haikubadilika.

"Dada, nifanye nini?"

"Hakuna cha kufanya. Kaa hapo."

Alikuwa amewahi kuruka ukuta wenye vigae vya chupa, risasi zikimfuata. Kukaa kulimshinda kuliko vyote. Alimfikiria yule mtoto, akashika kikombe kwa mikono miwili.

Taa ikaanza kupepesa.

"Imeingia kwetu," Avelina alinong'ona. "Inauliza mashine ya ng'ambo inaishi namba gani. Naipa namba yangu."

Vipande vya mwisho vikaanza kumiminika makao makuu.

"Vyote?"

"Vyote vilivyobaki. Kule hawana cha kufungua."

Komeo likalia. Rogers akatoka mwenyewe, begi begani, uso umejaa furaha. Akakutana na mdomo wa bastola.

"Umechelewa, mzee," alisema Rogers. "Faili limeshafika."

"Limefika," Elibariki alikubali, akimfunga pingu. "Kwetu."

Polisi walipomchukua Rogers, Elibariki alipiga simu Kibamba.

"Shikamoo baba," alisema Hamida. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia. "Nimeshafunga mizigo. Ila nguo za mtoto bado mbichi. Nizibebe hivyohivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Gari linakuja, lakini halina haraka tena. Ziache zikauke."

Akakata simu, akatundika begi begani, akaondoka kwa miguu, taratibu, upande wenye kivuli.